Lakini Zake Nne

Nikimwambia mtu wa Tanga kwamba mimi ni kocha wa maisha, huniuliza swali moja tu: wa timu gani? Mimi humjibu kwamba ni timu ya watu wazima, na wote wanataka kucheza kipa. Wanacheka, nami napata nafasi ya kueleza. Mtu ana jambo lake limekwama, anakuja chumbani kwangu Usagara, juu ya duka la dawa, tunakaa saa moja. Namuuliza maswali mpaka ajue anataka nini na ataanza lini. Ushauri simpi. Ushauri Tanga haujawahi kuadimika.

Kabla ya hapo niliuza mitumba miaka kumi na minne. Nasema kumi na minne baada ya kuhesabu mara mbili, maana mara ya kwanza nilipata kumi na mitatu. Sokoni ndiko nilikojifunzia watu. Mnunuzi akisema blauzi haimpendezi, inampendeza. Akisema anakwenda kuzunguka kwanza, mwache aende hatua sita. Ya saba atageuka. Nilidhani ujuzi huo ndio mtaji wangu, na kwa miaka tisa ya ukocha hakuna aliyeniambia vingine.

Mwaka huu nikajiandikisha mafunzo ya makocha wazoefu. Tulikuwa tisa ukumbini. Nilipohesabu tena tukawa kumi, kwa sababu mmoja alikuwa amelala nyuma ya nguzo. Mkufunzi alikuwa mama wa Kisambaa kutoka Lushoto, Mlutheri, mwembamba, mzungumzaji wa taratibu sana, kana kwamba kila neno analipandisha mlima. Siku ya kwanza hakufundisha kitu. Alisema, "Wazoefu hawafundishwi. Wazoefu wanasikilizishwa. Kesho kila mmoja alete kikao alichokirekodi, kile anachojivunia kuliko vyote."

Nikamuuliza kama dakika kumi zinatosha.

"Kikao kizima."

"Ishirini, mama. Zile ishirini nzuri."

"Dada, hapa si gulioni," akasema, na wenzangu wote tisa wakacheka, hata yule wa nyuma ya nguzo.

Nilikuwa na rekodi kumi na moja. Saba ziliharibiwa na mvua juu ya bati na mashine ya kusaga ya jirani. Katika mbili wateja wangu walikataa zisikilizwe na mtu mwingine. Moja, mteja alizungumza na mkewe kwenye simu dakika thelathini huku mimi namtazama. Ikabaki moja safi, dakika arobaini na sita, na kwa kweli hata zote zingekuwa safi ningechagua hiyohiyo. Ilikuwa kazi yangu bora. Mteja aliingia na wazo bichi, akatoka na ahadi tatu zenye tarehe. Tatizo moja tu: mteja mwenyewe alikwisha kufariki.

Alikuwa fundi cherehani wa Kigombe, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mshonaji wa sare za shule. Alitaka kufungua karakana yake Muheza mjini. Alikuja kwangu kila Jumatano, vikao vitano. Hicho nilichokirekodi kilikuwa cha tano. Cha sita hakuja.  Nikapiga simu yake kumkumbusha, nikapokelewa na sauti ya mwanamke mtu mzima: "Mwenye simu hatunaye tena, mwanangu. Presha. Jana ameangukia palepale kwenye cherehani." Nikasema innalillahi, nikatuma rambirambi kwa mkono wa mtu anayekwenda huko. Mwenyewe sikwenda. Nilikuwa na wateja siku ya tatu ya msiba, na arobaini ilipofika nilikuwa na sababu nyingine ambayo leo siikumbuki, na nimejaribu kuikumbuka mara mbili.

Basi siku ya pili ya mafunzo tukakaa wawiliwawili. Mwenzangu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka Moa, mtu wa masihara, ambaye siku hizi anawafunza walimu vijana namna ya kuishi na kazi yao. Tuligawana hedifoni, sikio moja moja. Kazi tuliyopewa ilikuwa ndogo: sikilizeni, na kila mahali ambapo kocha aliingia kabla mteja hajamaliza, msikilizaji apige mstari kwenye karatasi.

"Utamaliza wino, mwalimu," nikamtania.

"Mimi nimesahihisha madaftari ya watoto themanini kwa kalamu moja, bibie. Washa."

Nikawasha. Sauti ya yule fundi ikaja sikioni mwangu, karibu kuliko alivyopata kukaa karibu nami alipokuwa hai. Alikuwa na sauti ya mtu mwenye pini midomoni, hata akiwa hana. Nikasikia nikimuuliza, "Habari za Kigombe?" Akajibu, "Salama tu, dada. Lakini..." Nami nikasema, haraka, kwa furaha, "Alhamdulillahi! Haya, leo tunataka tutoke hapa na nini?"

Mwalimu akapiga mstari.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo kila mtu wa pwani analijua, ndiyo maana hatulisemi. Kwetu mtu akiulizwa habari, hujibu nzuri. Nyumba imeungua: nzuri. Baba amefariki alfajiri: salama tu. Ni adabu, na pia ni njia ya kumpa Mungu shukrani yake kwanza. Habari yenyewe inakuja baadaye, baada ya lakini. "Salama, lakini mzee ametutoka." "Wazima, lakini mtoto hajala tangu juzi." Anayeuliza habari kwetu anatakiwa asubiri hiyo lakini, na kama haiji, aulize ya watoto, ya shamba, ya mwili, mpaka ije au ajiridhishe kwamba haipo. Bibi yangu alikuwa anaweza kusalimiana robo saa.

Nilizaliwa katika salamu hizo. Lakini mafunzo yangu ya kwanza ya ukocha yalituambia muda wa mteja ni mali yake, salamu zisizidi dakika mbili, kisha lengo la kikao. Wenzangu wa bara walihangaika kuzifikisha dakika mbili. Mimi, mtoto wa Tanga, nilizishusha hadi moja, kisha hadi nusu. Nilijisifu kwa hilo. Nilijizoeza kama mtu anayejizoeza kuacha sukari.

Dakika ya kumi na mbili nilimuuliza kama anaweza kuongeza kazi. "Kuweza naweza, lakini siku hizi..." Nikadakia, "Siku hizi ndizo siku zenyewe!" Tukacheka wote wawili kwenye rekodi. Mimi nilicheka zaidi. Mwalimu akapiga mstari wa pili.

Kisha ikaja ile sehemu niliyokuwa nikiingoja, ile niliyojivunia. Alikuwa amesema ataamka saa kumi na moja alfajiri apate kushona kabla ya kazi za nyumbani. Nikamwambia, "Saa tisa na nusu."

"Dada! Saa tisa na nusu wanaamka wachawi."

"Na matajiri. Tisa na nusu."

"Kumi na moja kasorobo... hapana, kumi na nusu."

"Saa kumi kamili, na usiniambie tena neno."

"Haya. Saa kumi."

Nilimtazama mwalimu nione kama ameipenda biashara ile. Hakuwa ananitazama. Kwa sikio langu moja nikasikia kile ambacho siku ile, kwa masikio mawili, sikukisikia: mwanamke aliyechoka anacheka.

Dakika ya ishirini na saba: "Lakini kuna jambo moja, dada..." Nikasema, kwa sauti ya upole ambayo sasa naichukia, "Tuliandike, tuliweke kwenye kikao kijacho, sawa?" Akasema sawa. Mstari wa tatu.

Rekodi ilipokwisha nikasema, "Tatu."

"Nne," akasema mwalimu.

"Tatu. Nimehesabu mara mbili."

"Rudisha mwisho kabisa. Baada ya kuagana."

Nikarudisha. Nikasikia mimi na yeye tukiagana, kiti kikiburutwa, kandambili zikielekea mlangoni. Halafu, mbali, kwenye mlango: "Lakini, dada..." Na sauti yangu, iliyo karibu na simu, ikijisemea, "Hii ndiyo inazimwaje?" Kisha kimya. Nilikuwa nimezima. Sikumbuki kama aligeuka. Sikumbuki kama nilimsikia. Nimejaribu kujishawishi kwamba sikumsikia, na ninajua sana namna ya kumshawishi mtu.

Mwalimu alichukua karatasi yake akaikunja, asijue aniwekee au aifiche. "Bibie," akasema, "huyu alikuwa anaumwa?"

Mkufunzi alipopita nikamweleza. Alisikiliza bila kuandika. Kisha akasema rekodi hiyo ndiyo niilete kwenye tathmini ya mwisho, hiyohiyo wala si nyingine, niieleze mbele ya wenzangu, ndipo nipate cheti cha ngazi ya juu. Ila kwa marehemu fomu ya ridhaa huwekwa saini na familia. "Nenda kwa mama yake," akasema. "Omba."

Nilikwenda Kigombe kwa pikipiki siku ya Jumamosi, baada ya alasiri. Nimebeba sukari, majani ya chai na ile fomu ndani ya bahasha. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Mimi nikitaka kitu kwa mtu naanza mbali: nasifia, nauliza, nashuka kidogokidogo. Nilifika nikiwa na maneno matatu ya kufungulia na mawili ya akiba.

Mama alikuwa ameketi barazani kwenye jamvi, anasuka ukili wa mkeka. Mwanamke mfupi, mikono mikubwa. Nikapiga hodi, nikatoa shikamoo.

"Marahaba. Karibu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Makiwa," nikampa pole ya msiba.

"Yamepita." Mikono haikusimama. "Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye kocha. Wa Tanga mjini. Aliyekuwa akija kwangu Jumatano."

Alinitazama kwa muda. "Nilikutegemea siku ya tatu," akasema. "Hukuja. Nikasema mjini kazi nyingi, atakuja arobaini. Nikakuwekea na sahani." Akaiangalia bahasha. "Leo umekuja na karatasi."

Maneno yangu matatu ya kufungulia yakaondoka, na yale mawili ya akiba yakafuata. Nikamweleza kama ilivyo: kwamba nina sauti ya mwanawe kwenye simu, kwamba nasoma, kwamba nataka ruhusa yake niwasikilizishe wenzangu tujifunze.

Mikono ikasimama.

"Una sauti yake?"

"Ninayo, mama."

"Sisi hatuna. Picha tunazo tatu. Sauti hatuna." Akasogeza ukili pembeni. "Weka."

Nikaogopa. Nikasema, na hapa nilikuwa sokoni tena, "Nikuwekee dakika tano za mwanzo, mama. Nyingine ni mambo ya kazi tu, zitakuchosha."

"Mwanangu, mimi sinunui kitu. Weka yote."

Nikaweka. Ilipokuja "Salama tu, dada. Lakini..." mama akanyanyua kidole. "Rudisha." Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena. Mara ya tatu midomo yake ilisema pamoja na sauti ile, salama tu, na kichwa chake kikainama upande uleule ambao mwanawe alikuwa akiinamia. Kisha ikaja sauti yangu, na alhamdulillahi yake.

"Alikuwa anataka kusema nini?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

 Akaashiria niendelee. Tukasikiliza dakika zote arobaini na sita, jua likiwa bado liko juu ya minazi na jirani akipita kutoa salamu ambazo mama aliziitikia kwa mkono. Kwenye ile saa tisa na nusu alitabasamu kwa ajili ya wachawi. Tulipofika saa kumi kamili, tabasamu likaondoka polepole.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nilikuwa namuuliza, mbona unaamka mapema hivyo na kichwa kinakuuma? Anasema, nimeahidi. Nikadhani ameahidi wateja."

Nilitaka kusema kwamba sikujua kuhusu kichwa. Ni kweli, sikujua. Lakini nilikuwa nimetoka kusikia lakini tatu, na ya nne ilikuwa inakuja, na nilijua ukweli huo haufai kutolewa mbele ya mwenye mali.  Ya nne ikaja, ile ya mlangoni, mbali, na sauti yangu ikiuliza hii inazimwaje.

Mama akauvuta ukili mapajani, asiusuke. Mimi nikajikuta nahesabu, kwa mazoea, nikafika hamsini na kitu nikapoteza.

"Unajua," akasema, "mimi nilikuwa namuuliza kila siku. Habari za kuamka? Nzuri, mama. Mwili? Mzima, mama. Inakomea hapo. Hataki kunipa hofu. Hiyo lakini, mimi hakunipa hata moja." Akanitazama, na sikuona hasira, jambo ambalo lingekuwa rahisi zaidi kulipokea. "Zote nne alikuletea wewe."

Nikamwomba radhi. Nilimwomba vibaya, kwa maneno mengi. Aliniacha nimalize, mpaka mwisho, bila kunikatiza hata mara moja.

Kisha akasema, "Hiyo karatasi siwekei dole. Mwanangu hatasikilizwa na watu asiowajua, wakijifunza kwa lakini zake."

"Nimeelewa, mama."

"Bado. Hiyo sauti utaniwekea hapa, kisha kwako uifute." Akaingia ndani akatoka na redio ndogo ya kuchaji, ile ya kuchomeka kadi, ambayo ndani yake alikuwa na mawaidha na kasida. Nikaichomoa kadi, nikaiweka kwenye simu yangu, nikaanza kunakili. Hapo nikapata wazo ambalo niliona ni la huruma.

"Mama, naweza kuzikata sehemu zangu. Abaki yeye peke yake. Usiwe unanisikia mimi."

Alifikiri. "Ukijikata wewe," akasema, "yeye atakuwa anazungumza na nani?"

Nikanakili yote. Nikafuta kwangu, nikaangalia kama imefutika, nikaangalia tena.

Jumatatu nilimweleza mkufunzi kwamba sina rekodi wala ridhaa. Akasema bila rekodi hakuna tathmini, na bila tathmini hakuna cheti, labda mwaka ujao. Nikasema sawa. Mwalimu wa Moa alinivuta pembeni wakati wa chai. "Sawa? Sawa tu? Hujaomba hata wiki moja? Bibie, unaumwa?"

"Salama tu," nikamjibu.

Akasimama na kikombe chake, hakuenda popote. Alikuwa amejifunza zaidi yangu yule mzee. Mwishowe nilimsimulia yote, na chai ya watu wote ikaisha sisi tumesimama palepale.

Siku hizi mteja akiniambia salama, nanyamaza. Nahesabu moyoni mpaka ishirini, kisha upya. Wengine hawaipendi. Kijana mmoja wa bandarini aliniuliza, "Dada, mbona unanitazama kama nimekuibia?" Nikamwambia nasubiri. "Unasubiri nini?" Nikamwambia sijui, ni chako. Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaanza kusema. Wengine hawana lakini yoyote, ni wazima kweli, na tunabaki tunatazamana kama kuku na mtama wa jana. Sikufundishwa kwamba ujuzi huu unachosha hivi. Najiuliza pia kama ni ujuzi, au ni kumngoja mtu mmoja kwenye kiti wanachokalia wengine.

Mama wa Kigombe hunipigia mara mojamoja. Huwa hana shida. Anasema anaiweka asubuhi, akishamaliza kuswali, anasuka ukili huku anasikiliza. Ameshatuzoea, anasema, ameshajua mahali ninapokohoa, mahali mwanawe anapocheka, mahali kiti kinapoburutwa. Juzi nilimuuliza habari za Kigombe, akasema salama. Nikasubiri.

"Lakini leo tena umemkatiza," akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza mambo ya jirani.

"Nisamehe, mama."

"Ndiyo kwanza mko dakika ya kumi na mbili," akasema. "Ngoja niwamalize." Akaiweka simu chini bila kuikata, nami nikasikia, kwa mbali, katika baraza ile, mimi nikicheka.